Gorogoro la Darasa la Saba

Sogea karibu, mwalimu mpya, na uyaweke hayo madaftari chini kidogo, hayatatoroka. Nimestaafu muhula uliopita, kwa hivyo nina kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho nilipokuwa kazini, yaani muda wa kumaliza sentensi. Huku kwetu mtu akistaafu huulizwa alipanda vyeo vingapi na amejenga wapi. Hayo waulize wengine. Mimi nataka kukueleza nilivyowafundisha watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne kukasirika vizuri, kuomba msamaha bila kusukumwa, na kumsikiliza mwenzao bila kumcheka. Nilianzia Bumula nikamalizia Kitale, kwenye somo lisilokuwa na mtihani. Somo lenyewe liliitwa Stadi za Maisha. Lilikuwa na kipindi kimoja kwa wiki, na kipindi hicho kilikuwa kama shamba lisilo na ua: kila mwenye ng'ombe alilishia humo.

Siku yangu ya kwanza Bumula nilifika na viatu vya kisigino, jambo ambalo udongo wa huko ulilisahihisha kabla sijafika ofisini. Nilikuwa nimetoka chuoni na karatasi kubwa ya manila niliyoichora nyuso nne: furaha, huzuni, hasira na hofu. Nikaibandika ubaoni mbele ya darasa la saba, nikawauliza mmoja mmoja, leo unahisi vipi? Wa kwanza akasimama, akasema, "Niko sawa, mwalimu," akaketi. Wa pili akasimama, akasema hivyo hivyo, akaketi. Walikuwa hamsini na mmoja na wote walikuwa sawa. Mmoja alikuwa anavuja damu puani kwa ngumi aliyopigwa dakika kumi zilizopita, na yeye pia alikuwa sawa. Mwishoni kijana wa nyuma kabisa akaniambia kwamba ule uso wa hofu unafanana na mwalimu mkuu. Nilipoutazama nikaona ni kweli. Hicho ndicho kitu pekee tulichojifunza siku hiyo.

Aliyeniokoa alikuwa Mwalimu Rasoa, naibu wa mwalimu mkuu, mama mzaliwa wa Lugulu, mwenye sauti ya chini na mwendo wa mtu anayejua kwamba mkutano hauwezi kuanza bila yeye. Viboko vilikuwa tayari vimepigwa marufuku, ingawa walimu wengine walikuwa bado hawajapata habari. Mwalimu Rasoa hakuwa na haja navyo. Watoto wawili wakipigana, aliwapa gunia la magunzi yenye mahindi, karai moja na vigoda viwili vinavyotazamana. Kazi yao ilikuwa kupukuchua mahindi ya kupikia githeri, chakula cha mchana cha shule. Hakuwaambia wasalimiane wala waombane radhi. Yeye mwenyewe aliketi kando akapukuchua pia.

Nilimwuliza siri ni nini. Akaniambia nisikilize karai. Punje za kwanza huanguka kwa hasira. Unasikia kabisa zinavyogonga bati. Baadaye karai likifunikwa chini na punje, mikono ikichoka, zinaanza kuanguka polepole. Hapo ndipo unauliza swali moja.

"Na wakikaa kimya?" nikamwuliza.

"Na wewe kaa kimya. Shida yako, Nafula, unauliza swali halafu unalijibu mwenyewe. Mtoto anabaki kukuangalia tu kama anaangalia sinema."

Nilichukia kuambiwa hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilijizoeza mwaka mzima. Mwalimu mpya, hili ni jambo la mikono kama kushona: ukishauliza, bana ulimi kwa meno, hesabu magunzi. Kimya cha mtoto ni kirefu kuliko unavyodhani, lakini kina mwisho.

Baadaye nikapata kiburi, na kiburi kikazaa kazi ya nyumbani. Niliwaambia watoto kila mmoja amweleze mtu wa nyumbani kwao jambo moja analohisi, kwa sentensi inayoanza na neno "nahisi". Kesho yake, saa ya chai, mwendesha bodaboda mmoja akaingia ofisini na helmeti kwapani. Alinisalimu vizuri sana, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Madam, jana nilikuwa nakula. Kijana yangu akakuja akasimama hapo, akaniambia, 'Baba, nahisi hunisikilizi.' Mimi nikashindwa kumeza. Sasa nauliza tu, hii iko kwa silabasi ama ni matusi?"

Nilimweleza kwa upole kwamba iko kwa silabasi. Akauliza sasa mtoto alitaka asikilizwe kuhusu nini. Nikasema sijui, itabidi amwulize mwenyewe. Alisimama kitambo akiizungusha helmeti mikononi, kisha akaenda. Wiki iliyofuata alirudi kuniarifu kwamba mtoto huona aibu baba yake akipiga honi mbele ya shule, maana wenzake humcheka, na kwamba sasa ameacha. Alipotoka langoni alipiga honi mara mbili. Nadhani alikuwa anaaga.

Kutoka siku hiyo nilibadilisha somo. Nilitambua kwamba nilikuwa nimewapa watoto kisu bila mpini. Sentensi ya "nahisi" ilikuwa nzuri, lakini mlango wake haukuwa mlango wa kwetu. Kwetu mtoto hamwingilii mzee namna hiyo. Kwa hivyo tukafanya mazoezi ya mlango kwanza: ngoja amalize kula, keti au chutama, sema, "Baba, naomba kusema kitu kidogo," ngoja akubali, ndipo useme. Wazazi hawakuja tena kulalamika. Wachache walikuja kuuliza kama kuna masomo ya watu wazima.

Nikahamishiwa Kitale, shule iliyo pembezoni mwa mji, kati ya kinu cha kusagia unga na shamba la mahindi lisilo na mwisho. Darasa langu la saba lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Wengine walikuwa wa jamaa za Bungoma kama mimi, wengine babu zao walitoka Mlima Kenya wakaja kulima. Walitukanana kwa lugha tatu na kuazimana matusi bila ubaguzi, na mimi niliuhesabu huo kuwa mwanzo wa umoja wa taifa.

Hapo ndipo nilipotengeneza chombo changu. Gorogoro unalijua, lile kopo la kilo mbili ambalo kila mama sokoni hupimia mahindi. Nililitafutia kifuniko, nikakitoboa tundu katikati, nikaliweka dirishani mwa darasa pamoja na bakuli la mahindi makavu. Kila asubuhi, kabla ya kengele, kila mtoto alichukua punje akazitumbukiza. Punje moja maana yake leo moyo ni mwepesi. Punje tano maana yake leo ni mzito sana. Hakuna kuandika jina, hakuna kueleza, na hakuna kuangalia mkono wa mwenzako. Mimi pia niliapa mbele yao kwamba sitaangalia. Saa nne nilihesabu punje nikaandika jumla kwenye pembe ya ubao: leo darasa lina uzito wa tisini na sita, leo mia moja na kumi.

Utauliza, jumla inasaidia nini kama hujui ni ya nani? Ndiyo maana ilisaidia. Kwa kuwa hakuna aliyejua uzito ni wa nani, siku ya jumla kubwa ilibidi watoto wawe wapole kwa kila mtu, wasije wakamkosea mwenye punje nyingi. Niliona kijana akimwachia mwenzake kiti bila kuambiwa, kisha akikasirika kwa kuonekana. Tulifanya mazoezi mengi juu ya hilo. Ukiona mwenzako ana uzito, usimtangaze. Mwite kando. Mwambie ulichokiona, si unachodhani. Kisha mpe nafasi.

Siwezi kusema wote waliliheshimu gorogoro. Wekesa, mcheshi wa darasa, aliniuliza kama anaweza kuikata punje kwa meno, kwa sababu leo yeye ni mzito nusu tu. Wekesa pia alikuwa mtoto wa mwisho katika hesabu, na alikubali cheo hicho kwa furaha. Kila mara alinyoosha mkono kumwomba mwalimu arudie. Aliyeketi karibu naye, Wanjiru, alikuwa msichana wa maneno machache na mwandiko mzuri, na alikuwa akipata hesabu zote bila kumwuliza mtu.

Mwalimu wao wa hesabu alikuwa Mwalimu Njoroge. Watoto walimwita Desimali, kwa sababu alikuwa mtu pekee shuleni aliyeweza kukupa alama thelathini na saba nukta tano. Yeye ndiye aliyekuwa ng'ombe mkubwa kwenye shamba langu lisilo na ua. Nilifika kwenye kipindi changu cha Alhamisi nikakuta ubao umejaa sehemu na asilimia, na yeye amesimama katikati kama mtu aliyezaliwa hapo.

"Mwalimu Nafula, hisia hazina mtihani," aliniambia. "Hesabu iko nao."

Nililalamika kwa mwalimu mkuu, si mara moja. Mwalimu mkuu akasema yeye alidhani mimi ndiye ninayefundisha watu kuelewana, basi tuelewane. Hatukuelewana. Kwa mihula miwili mimi na Njoroge tulisalimiana kama watu wanaolipishana faini.

Katikati ya vita hivyo, gorogoro likaanza kunichanganya. Siku moja darasa langu lote lilikwenda kwenye michezo ya mpira, shule ya jirani. Nilikuwa nimelimwaga gorogoro jioni iliyotangulia, mimi mwenyewe, likabaki tupu. Asubuhi ile hakuna mtoto aliyekanyaga darasani. Saa nne nikalifungua kwa mazoea, nikakuta punje ishirini na tatu.

Nilifikiri ni panya. Nikaenda kwa soja wa lango, mzee mwenye heshima, nikamweleza. Akanitazama kwa huruma.

"Panya hawekangi, Madam," akasema. "Panya anatoanga."

Basi kulikuwa na mtu, na hakuwa wa darasa langu. Nilianza kufuatilia jumla, nikaona kwamba kwa wiki nyingi zilikuwa zimepanda kwa namna ambayo watoto peke yao wasingeweza kuileta. Mtu fulani kila asubuhi alikuwa anatia kiganja kizima cha punje. Fikiria ukubwa wa jambo hilo. Tano ndiyo ilikuwa mwisho, na mtu huyu tano hazikumtosha. Nilitaka sana kujua ni nani. Hata nilitafuta mahali pa kujificha, nyuma ya kabati la vitabu, nikapima nikaona natosha. Lakini nilikuwa nimeapa, na mtoto anayekupima huwa hana gorogoro. Anakupima kwa macho. Sikujificha.

Kilichofuata ni ujinga wangu, nao uandike usije ukaurudia. Mahindi ya bakulini yalikuwa yakipungua kupita yalivyotumika. Nikagundua kwamba baadhi ya watoto walikuwa wanayachukua na kuyakaanga kwa mpishi. Darasa zima lilikuwa linakula hisia zake. Nyumbani mume wangu alikuwa amebakisha mbegu kidogo za msimu wa kupanda uliopita kwenye mfuko, zile za dukani zilizopakwa dawa na rangi ya waridi. Kila mtoto wa Kitale anajua kwamba mahindi ya rangi hayaliwi, ni sumu. Nikajiona mwerevu kupita kiasi. Jioni nikalijaza bakuli mbegu.

Asubuhi kulinyesha manyunyu. Nilikuwa kwenye zamu ya langoni, nikahesabu wachelewaji bila wasiwasi wowote. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Kilipokwisha niliingia darasani nikakuta vidole themanini na zaidi vya rangi ya waridi. Mikono ilikuwa imelowa, dawa ilikuwa imetoka. Nilikimbia mwenyewe kuleta karai na sabuni, nikawanawisha mmoja mmoja mpaka viwiko, nikazizika mbegu zote kwenye shimo nyuma ya vyoo. Hakuna aliyekuwa ametia kidole mdomoni. Usilete kamwe mbegu zenye dawa darasani, hata kama watoto wanakula meza yako.

Lakini katika kunawisha nilihisi kitu hakiko sawa. Darasa lilikuwa kimya. Nilikuwa nimefanya kosa kubwa mbele ya watoto arobaini na wawili, wote wana vidole kama vya hina ya harusi, na hakuna aliyecheka. Wekesa alininyooshea mikono akanawa bila neno. Nilidhani amelishwa sumu.

Saa ya chai, Wekesa na Wanjiru wakaja wakasimama mlangoni. Wekesa alitazama viatu vyake.

"Madam, si ulisema mtu asiangalie mkono ya mwingine?"

"Nilisema."

"Sasa sisi hatukuangalia, bana. Ilijileta. Alikuwa anaandika ubaoni."

Nikauliza ni nani alikuwa anaandika ubaoni, ingawa nilianza kujua. Wanjiru ndiye aliyejibu.

"Mwalimu Njoroge. Kiganja chote ni pinki, Madam, mpaka hapa. Hata shavuni ako nayo."

"Na hamkumwambia?"

"Haoni," Wanjiru akasema. "Na si leo tu."

Wakanieleza kwa zamu, kwa sauti ya watu wanaokabidhi kitu kinachovunjika. Mwalimu Njoroge alikuwa hawezi kusoma madaftari yao vizuri. Wanjiru aliliona hilo muhula wa pili, alipowekewa kosa kwenye hesabu ambayo jirani yake aliandika hivyo hivyo akapewa tiki. Hakusema kitu. Alianza kuandika tarakimu kubwa. Aliyeketi nyuma yake akamwiga, na wa nyuma yake, mpaka darasa zima likawa linaandika hesabu mbili tu kwa ukurasa. Na mwalimu alipokosea kusoma tarakimu yake mwenyewe ubaoni, Wekesa alinyoosha mkono akasema hajaelewa, ili aanze upya. Mtoto wangu wa mwisho katika hesabu alikuwa amevaa ujinga muhula mzima kama koti, kwa sababu mtu mwingine alikuwa anahisi baridi.

Hawakuwa wamekuja kusengenya. Walikuwa wamekuja na swali. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya mwenzako wa dawati, wakasema, lakini hatukufanya ya mwalimu. Mtoto hawezi kumwita mwalimu kando.

"Lakini wewe unaweza," Wekesa akasema.

Nakwambia ukweli, mwalimu mpya. Nilitafuta sababu. Mtu huyu alikuwa ameninyang'anya vipindi kwa mihula miwili. Tena nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Wale watoto wawili walisimama pale mlangoni, hawakusema lolote zaidi, wakaningoja. Ni mimi niliyewafundisha.

Nilimkuta nyuma ya stoo ya vitabu, amesimama penye mwanga, daftari likiwa karibu kugusa pua yake. Nilibeba karai la maji safi na kipande cha sabuni. Njiani nilikuwa nimetunga hotuba fupi yenye utangulizi mzuri. Nilipofika ikapotea.

"Mwalimu Njoroge, leta mkono unawe. Umeshika rangi."

Alitia daftari kwapani, akageuza kiganja juu. Akakitazama. Akakisogeza kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akakielekeza kwenye jua.

"Rangi gani?" akauliza.

"Ya waridi. Kiganja kizima, na shavuni."

Kengele ikalia. Nilitakiwa darasa la sita. Sikwenda. Kichwani mwangu ushauri ulikuwa umepanga foleni kama watoto mbele ya sufuria, kila mmoja unasukuma wa mbele, na mimi nikabana mdomo mpaka taya zikaniuma. Aliteremsha mkono kwenye maji. Kisha akaanza kusema, akiwa anayatazama maji.

Ulikuwa mwaka sasa, alisema, anaona kama mtu aliye nyuma ya dirisha la jiko lenye moshi. Baba yake alianza vivyo hivyo na akaishia kuongozwa na wajukuu kwa fimbo mpaka alipozikwa. Kwa hivyo hakuwa na haja ya kwenda hospitali kuambiwa anachokijua. Mke wake hajui. Akijua mwalimu mkuu, ataandikiwa barua arudi nyumbani, na yeye hajui kitu kingine chochote duniani ila hesabu. Vipindi vyangu alivichukua ili amalize kazi ya darasa la saba, na ya nane kama angeweza, kabla macho hayajafunga. Na gorogoro? Siku ya kwanza alitia punje moja ili kuniharibia jumla. Aliona ni mzaha mzuri. Kesho yake akatia tatu.

"Halafu nikaona nikishaweka, natembea vizuri mpaka saa nne," akasema.

Alisugua kiganja na shavu kwa sabuni. Baadaye akauliza kama watoto wanajua. Ningeweza kudanganya. Nikasema wanajua tangu muhula wa pili.

"Na hakuna mwenye alicheka?"

"Hakuna."

"Hata Wekesa?"

"Wekesa ndiye anajifanya haelewi, ndio urudie."

Alinipa mgongo. Alinawa mkono ule kwa muda mrefu sana, na ulikuwa umekwisha kutakata.

Sikumpa ushauri wowote. Nilimwuliza tu hospitali twende siku gani. Akasema yeye si mtoto wa kusindikizwa. Nikasema najua. Akasema, basi Jumamosi. Usiku wa Ijumaa alimweleza mke wake, na Jumamosi tulikwenda watatu kwenye hospitali ya misheni upande wa Bungoma. Daktari alimulika macho yake, akaketi, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na hutolewa. Njoroge aliuliza swali moja, kama mtoto wa jicho wa baba yake pia angeweza kutolewa. Daktari akasema huenda. Njiani kurudi, tulipokaribia Kitale, mke wake akaanza kumgombeza kwa mwaka mzima wa kunyamaza. Akamgombeza vizuri, kwa mpangilio. Nilifurahi kusikia. Huo nao ni ustadi.

Wakati hayupo nilifundisha hesabu kwenye kipindi cha Stadi za Maisha, kwa hiari yangu, na ninaomba hilo lisimfikie mtu yeyote. Jicho la kwanza lilipopona alirudi, na miwani myeusi kama mtu wa usalama. Darasa lilisimama, likaamkia, likaketi. Akaita daftari la Wanjiru. Akalifungua, akalishika mbali na uso wake, urefu wa mkono, akalitazama kitambo.

"Ninyi," akasema. "Mbona mnaandika kama matangazo ya baraza la chifu? Hesabu mbili ukurasa mzima? Mnamalizia wazazi madaftari."

Watoto arobaini na wawili wakatazama madawati yao. Wekesa akanyoosha mkono.

"Hata sisi tunashangaa, Mwalimu."

Nilikuwa dirishani, na nilitoka haraka nikaenda kusimama nyuma ya stoo peke yangu. Muhula huo Wekesa alipanda ghafla mpaka wa tisa katika hesabu. Mwalimu Njoroge alisema ni kwa sababu sasa yeye anafundisha akiona. Wekesa hakubisha. Na vipindi vyangu vya Alhamisi? Aliendelea kuvitaka, lakini sasa alikuwa anakuja ofisini siku moja kabla, anavuta kiti, anaomba. Mara nyingi nilimnyima.

Siku hizi ninyi mna gredi na vitabu vipya, na nimesikia stadi hizi zimegawanywa zikatiwa ndani ya masomo mengine, kama chumvi. Ni sawa. Utaulizwa utazipimaje. Mimi sikuwahi kupata njia nzuri ya kuzitia kwenye ripoti ya mtoto. Ripoti za Wekesa na Wanjiru za mwaka ule zinasema "tabia njema", na sijui ni nani amewahi kusoma neno hilo akaona kilichokuwa ndani yake. Lakini nilijifunza kwamba watoto hutenda somo hili kimya, mahali ambapo hukuwatuma, na mara nyingine hulitenda kwa mtu uliyekuwa umemkasirikia wewe mwenyewe. Wakishamaliza sehemu yao wanaweza kuja kusimama mlangoni kwako. Ile iliyobaki ni ya watu wazima, kwa kuwa sisi ndio tunaoogopa zaidi.

Kwa hiyo, kama unashika daftari mbali au karibu kuliko ulivyokuwa unalishika mwaka jana, Jumamosi hii nenda ukapimwe macho. Ukiogopa, mwambie mwalimu mmoja hapo ofisini, na umwombe akusindikize.